Mtoto Haingii Darasani Akiwa na Kichwa Kitupu: Dhana Potofu Kuhusu Kufundisha Sayansi Shule ya Msingi

Dhana: Mtoto mdogo hajui lolote kuhusu sayansi, hivyo kazi ya mwalimu ni kumjaza maarifa.

Ukweli ni kwamba mtoto huingia darasani akiwa na maelezo yake kuhusu ulimwengu, aliyoyajenga kwa kutazama, kugusa na kuwasikiliza wakubwa, na mara nyingi maelezo hayo yana mantiki. Aliyeona jani likishuka polepole na jiwe likianguka kwa kishindo ana sababu ya kuamini kwamba kila kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti kuhusu namna watoto wa shule ya msingi wanavyoielewa dunia. Wapo waliosema kuwa dunia ni ya mviringo, kama walivyofundishwa, lakini walipoulizwa maswali zaidi ikadhihirika kwamba vichwani mwao mlikuwa na tufe lenye uwazi ndani, ambamo watu huishi juu ya ardhi tambarare; na wengine walikuwa na dunia mbili, moja ya mviringo iliyoko angani na nyingine bapa tunayoikanyaga. Watoto hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wamejitahidi kupatanisha walichoambiwa na walichokiona kwa macho yao, na mwalimu anayeridhika na jibu la mkato hawezi kujua mwanafunzi wake anaizungumzia dunia ipi.

Dhana: Ukishamwambia mwanafunzi jibu sahihi, wazo lake la awali hutoweka.

Halitoweki, hujificha mpaka mtihani upite. Mfano mzuri ni majira ya mwaka. Watu wazima wengi waliofaulu somo hilo utotoni bado huamini kwamba majira ya joto huja pale dunia inapokuwa karibu zaidi na jua, ilhali dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, ikiwa umbali wa takriban kilomita milioni 147, wakati kizio cha kaskazini kiko katikati ya majira ya baridi. Sababu halisi ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa takriban nyuzi 23.5. Wazo la ukaribu hung'ang'ania kwa sababu linatokana na jambo ambalo kila mtu amelihisi mwilini: ukisogelea moto, unapata joto.

Kinachosaidia ni kumfanya mtoto alitaje wazo lake waziwazi, kisha alipime. Chukua mapande mawili ya barafu yaliyo sawa, lifunike moja kwa sweta nene na uliache jingine wazi, halafu, kabla ya kusubiri matokeo, waulize wanafunzi ni lipi litakalotangulia kuyeyuka na kwa nini. Wengi watasema ni lile lililofunikwa, kwa kuwa kwao sweta ni kitu kinachotoa joto. Waandike utabiri wao daftarini, wasubiri, kisha wafunue. Wakilikuta pande lililofunikwa bado kubwa huku lililoachwa wazi likiwa limekwisha kuyeyuka kwa sehemu kubwa, watakuwa na swali la kwao wenyewe, na hapo ndipo maelezo ya mwalimu kwamba sweta hupunguza kasi ya joto kupita, liwe linatoka au linaingia, yanapopata mahali pa kushika. Maelezo yayo hayo, yakitangulia utabiri, yangebaki kuwa sentensi ya kukariri.

Dhana: Bila maabara hakuna sayansi.

Bonge la udongo wa mfinyanzi huzama majini, na udongo uleule ukifinyangwa kuwa kama mtumbwi huelea. Kinachohitajika ni beseni, maji na mwalimu mwenye subira ya kuuliza kilichobadilika ni nini, ikiwa uzito haukubadilika.

Dhana: Jaribio hujieleza lenyewe.

Dhana hii huwapata hasa walimu wenye bidii, na ndiyo maana naona inastahili uangalifu mkubwa. Jan Baptist van Helmont, mwanakemia wa karne ya 17, alipanda mti mchanga katika takriban kilo 90 za udongo mkavu na kuumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua kwa gramu chache tu, zisizofika hata 100. Alikuwa sahihi kukataa kwamba mti umejengwa kwa udongo, lakini alihitimisha kwamba umetokana na maji peke yake, kwa kuwa hakuitilia maanani hewa, ambamo mmea huchukua kabonidioksidi. Ikiwa mtafiti makini aliweza kukosea mbele ya matokeo yake mwenyewe, mtoto wa miaka 10 hawezi kuachwa aone tu na kutarajiwa aelewe.

Mwalimu naye hukosea. Katika jaribio maarufu la mshumaa uliosimamishwa kwenye sahani ya maji na kufunikwa kwa glasi, wanafunzi huambiwa kwamba maji hupanda ili kujaza nafasi ya oksijeni iliyoungua. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, lakini si sahihi. Mshumaa huzimika kukiwa bado na oksijeni nyingi ndani ya glasi, na maji hupanda kwa kasi baada ya moto kuzimika, hasa kwa sababu hewa iliyokuwa imetanuka kwa joto, na sehemu yake kutoka nje, inapoa na kusinyaa. Darasa linaweza kulithibitisha hilo kwa kuongeza mishumaa chini ya glasi ileile: maji hupanda juu zaidi, ingawa kiasi cha oksijeni hakikuongezeka.

Dhana: Kilichochapishwa kitabuni hakihitaji kupimwa.

Ramani ya ulimi inayoonyesha utamu kwenye ncha na uchungu nyuma ilitokana na kutafsiriwa vibaya kwa utafiti wa D. P. Hänig wa mwaka 1901. Ukweli ni kwamba sehemu zote za ulimi zenye vionjio huhisi ladha zote, kwa tofauti ndogo tu. Mtoto anayegusisha chumvi kwenye ncha ya ulimi wake na kuihisi ana haki ya kusema kwamba mchoro unakosea, na mwalimu anayemjibu "hebu turudie jaribio lako pamoja" amemfundisha sayansi zaidi kuliko yule anayemwamuru arudi kwenye mchoro.