Kupoza kompyuta iliyoongezwa kasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ushauri mwingi kwa anayetaka kuendesha prosesa kupita kasi ya kiwandani huanzia kwenye manunuzi: feni zaidi, kipozaji kikubwa zaidi, maji badala ya hewa. Huko ni kuanzia mkiani. Joto huzaliwa ndani ya prosesa, na kiasi chake hupangwa na wewe mwenyewe kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka.

Dhana: gigahezi (kipimo cha kasi ya prosesa) ndizo zinazoleta joto

Zinachangia, lakini mkosaji mkuu ni volti. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, ila kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza kasi kwa asilimia 10 bila kugusa volti, na joto linaongezeka kwa takriban asilimia 10. Pandisha vyote viwili kwa asilimia 10 na hesabu inakuwa 1.1 × 1.1 × 1.1, yaani 1.33. Prosesa iliyokuwa ikila wati 150 sasa inakaribia 200, na wati zote hizo zinatoka kama joto.

Mazabodi nyingi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa, zikiachiwa zijipangie, hupandisha volti kuliko inavyohitajika mara tu unapogusa kasi. Mwenye kompyuta anaona nyuzi 95, analaumu kipozaji. Weka volti kwa mkono. Ishushe kwa hatua ndogo, 0.0125 au 0.025 kwa wakati, na kila hatua endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa dakika 10. Mashine ikianza kukwama, kujizima au kutoa skrini ya bluu, rudi juu hatua moja au mbili. Kazi hii haina gharama yoyote, na mara nyingi hushusha joto kuliko feni mpya.

Dhana: kipozaji cha maji hushinda joto la chumba

Hakiwezi. Maji na feni huhamisha joto kulipeleka kwenye hewa ya chumbani, basi; prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo. Kinachopimwa ni tofauti. Prosesa ikiwa nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 22, tofauti ni 50, na chumba kikifika nyuzi 32 tarajia takriban 82. Ndiyo maana vipimo visivyotaja joto la chumba havikusaidii kulinganisha chochote.

Maji yana udanganyifu mwingine: huchelewa kupata moto. Jaribio la dakika 5 litakupa namba za kufurahisha ambazo hazidumu. Ngoja dakika 20 hadi 30, mpaka joto litulie.

Ufungaji nao una kanuni moja isiyovunjwa: pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko. Hewa iliyonaswa ndani hupanda juu, na ikiikuta pampu huko utasikia mgugumo, mtiririko utapungua na pampu itachakaa mapema. Rejeta, yaani sehemu yenye feni inayopoza maji, ikae juu ya kasha, au mbele huku ncha yake ya juu ikiipita pampu kwa kimo. Kumbuka pia kwamba kipozaji cha hewa hupuliza kidogo vidhibiti vya umeme vilivyo pembeni mwa prosesa. Ukihamia maji, upepo huo unapotea, na vidhibiti vikipata moto kupita kiasi mashine hupunguza kasi hata kama prosesa yenyewe iko salama.

Dhana: ukiitia kompyuta kwenye friji, mambo yote yameisha

Friji ya nyumbani hutengenezwa ili kutoa joto la vitu vinavyopoa polepole. Haikukusudiwa mashine inayotema wati 300 mfululizo. Kompresa haitapumzika, na ndani kutazidi kupata joto. Ukifungua mlango, unyevu wa hewa unageuka matone juu ya vipuri baridi, na matone yakikutana na umeme ni shoti.

Dhana: pesti nyingi hupoza zaidi

Pesti hujaza mianya midogo kati ya prosesa na kipozaji, mahali ambapo hewa ingekaa. Hupitisha joto vizuri kuliko hewa kwa mbali, lakini vibaya mno ukilinganisha na shaba, kwa hiyo inatakiwa iwe nyembamba. Tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati linatosha. Kwa prosesa pana, chora msalaba. Safisha ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Ikizidi kidogo, mgandamizo huisukuma nje bila madhara, ila ikipungua ndipo penye hatari. Na ng'oa karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipozaji kipya! Joto likiruka hadi kikomo ndani ya sekunde chache, anza kuchunguza hapo.

Metali kimiminika, inayotumiwa badala ya pesti, ni habari nyingine. Hupitisha umeme, na galiamu iliyomo huila alumini. Kama sehemu ya chini ya kipozaji si shaba, ikiwezekana iliyopakwa nikeli, usiitumie.

Dhana: kompyuta iachwe wazi ubavuni

Hicho ni kipimo tu. Ondoa ubavu, endesha kazi nzito kwa dakika 15. Joto likishuka zaidi ya nyuzi 5, kasha linakosa hewa. Safisha vichujio, weka feni mbili mbele zikiingiza na moja nyuma ikitoa. Kwa kawaida hewa hutokea upande wa feni wenye vile viguzo vinavyoshika mota.

Dhana: nyuzi 95 zitaiunguza prosesa

Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000 zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 95, na Intel Core nyingi zina kikomo cha 100. Zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe. Hasara ya kwanza utakayoiona ni kasi: fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi, ukiwa na kazi kamili, na kama gigahezi zinateremka, huenda kasi uliyoipandisha imekuwa ndogo kuliko ya kiwandani. Kuumia kwa miaka kunaletwa zaidi na volti kubwa. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyoongezwa kasi ndiyo dhaifu zaidi kwa joto. Inaweza kuanza kukosea ikipita nyuzi 50 hivi, na hewa moto ya kadi ya michoro huipitia. Kwa hiyo ipime RAM huku kadi hiyo nayo ikiwa kazini.