Ngoma "ngumu kumiksi" maana yake nini hasa?

Ukikaa na madijei lazima utasikia "hiyo ngoma ngumu kuingiza", yaani ngumu kuiunganisha na ile inayopiga bila muziki kukatika, na wengi wanadhani ngumu ni spidi kali au makelele, hapana, kuna techno ya BPM 140, yaani midundo 140 kwa dakika, ukiimiksi ni kama kumsukuma mlevi. Ngumu ni ile inayokunyima pa kushika.

Ngoma nyingi za house zilipotengenezwa DJ alifikiriwa, inaanza na dramu tupu, du du du du, midundo 4 kila ba, inaenda hivyo ba 16 au 32 ndo kinanda kiingie. Kwa BPM 128 ba 16 ni sekunde 30 kamili, muda wa kutosha kusikiliza kwenye hedifoni, kuoanisha spidi na kupandisha fada, kile kitelezi cha sauti, pole pole. Sasa ile ngumu inaanza na mtu anaimba hapo hapo, au biti imekatwakatwa kama drum and bass, dramu kubwa haipigi kila hesabu, utahesabia wapi?

Halafu kuna disco za miaka ya 70, dramu kapiga binadamu, akipata mzuka anakimbia kidogo bila kujua. Ngoma mbili zikipishana BPM 1 tu, dakika moja baadaye zimeachana mdundo mzima, na katikati hapo unasikia kama mtu kaangusha viatu kwenye ngazi.

Dawa ya isiyo na mwanzo ni lupu, tafuta popote ndani yake ba 4 za dramu safi, zizungushe, hiyo ndo intro yako. Ya spidi inayoyumba usitoe kidole kwenye sahani, sukuma, vuta, na umalize haraka. Besi mbili zisikae pamoja kabisa, moja ikizimwa ndo nyingine inafunguliwa, papo hapo mwanzo wa ba. Na kutoka house ya BPM 128 kwenda drum and bass ya 174 usijaribu kuvuta spidi utaharibu zote mbili, subiri pale dramu zinapokaa kimya, tupia eko, idondoshe mpya.

Kwa kifupi tu mimi naamini hivi, ngoma ikiwa ngumu miksi iwe fupi, sifa za kupachanisha dakika 2 nzima tuwaachie house.

Mtu atasema si kuna sinki siku hizi, kitufe kinachooanisha spidi chenyewe, bonyeza tu. Nilibonyeza. Kwenye skrini mistari imenyooka vizuri kabisa, kumbe programu ilihesabu "moja" mahali pa "mbili", kwahiyo kila kitu kiko sawa ila kofi la dramu linapiga sehemu ya dramu kubwa, watu wanachezesha bega wanasita, wananiangalia, na mimi naangalia skrini inayoniambia hakuna tatizo.