Akiba ya sauti kwenye redio ya ridhaa

Lalamiko tunalolisikia mara kwa mara kwa wanaojifunza redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio ya kujifurahisha na si ya biashara, hapa Mbeya ni kwamba kituo dhaifu husikika vizuri, lakini kikiingia chenye nguvu, redio huanza kukwaruza, na wengi hukimbilia kubadilisha spika. Mara nyingi spika haina kosa. Kinachokosekana ni akiba ya sauti, yaani nafasi iliyopo kati ya kiwango cha kawaida cha kusikiliza na kiwango cha juu kabisa ambacho amplifaya inakimudu bila kuharibu umbo la mawimbi.

Tuchukue redio ndogo inayotumia betri ya volti 12 na spika ya omu 8. Amplifaya yake, ikiwa inaweza kuyumba kwa volti 10 kutoka kilele cha juu hadi cha chini, itatoa takriban wati 1.5. Nguvu hiyo yaonekana kubwa kwa chumba kimoja, lakini vilele vya sauti ya mtu anayezungumza huweza kuzidi wastani wake kwa desibeli 12 hivi, ambazo ni sawa na nguvu mara 16, kwa hiyo wastani unaobaki safi ni kama wati 0.1 tu. Ukiongeza zaidi ya hapo, vilele hukatwa. Lori linalopanda Kitonga likiwa limekwisha kukanyagwa mafuta yote halina tena nguvu ya kulipita jingine, na ndivyo ilivyo kwa amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho. Tena, betri ya sola ikishuka hadi volti 10.5 baada ya siku za mawingu, wati 1.5 hubaki kama 1.1, ingawa hakuna aliyegusa kitufe.

Redio nyingi za kununua zina mfumo wa kusawazisha sauti wenyewe, ila nyingi za kujiundia hazina. Kwa hizo, punguza kwanza nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye antena, ndipo urekebishe sauti.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni masikio. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za nyanda zetu hupasua masafa mafupi kwa mishindo ya ghafla, na anayetafuta kituo dhaifu kwa hedifoni huwa ameongeza sauti mno. Diodi mbili za silikoni (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizogeuziana mwelekeo, zikiunganishwa sambamba na hedifoni baada ya rezista, huzuia mshindo usizidi volti 0.6 hivi, hata hivyo, kwa hedifoni zinazopokea kwa wepesi kiwango hicho bado ni kikali, kwa hiyo diodi hazikuruhusu kuacha sauti juu.

Anayepokea FT8, yaani ujumbe mfupi wa kidijitali unaotumwa kwa redio, kwa kompyuta naye anahitaji akiba. Atumie tundu la laini (line in) la kompyuta badala ya la maikrofoni, kisha apunguze sauti hadi kelele ya kawaida ya masafa isomeke karibu na desibeli 30 kwenye kipimo cha WSJT-X, programu inayosoma FT8.