Kulipa deni hakufuti rekodi ya CRB

Nchini Kenya imeenea kwa miaka mingi dhana kwamba aliyechelewesha malipo ya kadi ya mkopo, akishalipa salio lote, jina lake huondolewa mara moja CRB, yaani mashirika yanayokusanya taarifa za wakopaji na kuzitoa kwa wakopeshaji. Sivyo. Kinachobadilika ni hali ya akaunti, ambayo sasa huonyeshwa kuwa imelipwa. Historia ya kuchelewa hubaki katika ripoti kwa miaka 5 tangu deni lilipomalizwa, na benki inayokagua ripoti hiyo huiona.

Dhana hiyo inategemea nyingine, kwamba CRB ni orodha ya wakosaji tu. Tangu kanuni za 2013, mashirika haya yenye leseni ya Benki Kuu hupokea pia taarifa za wanaolipa vizuri, kwa hiyo aliyekopa benki kwa kawaida yumo. Hata cheti cha kutodaiwa, ambacho baadhi ya waajiri hukidai (kwa manufaa ambayo mimi siyaoni), hakifuti historia.

Hiyo si sababu ya kuahirisha malipo, kwani hesabu ya miaka 5 haianzi kabla deni halijaisha. Taarifa yenye makosa ni jambo jingine: mteja ana haki ya kuipinga.