Adapta ya lenzi pana na ubora wa picha ya video

Adapta ya lenzi pana ni kifaa cha vioo kinachofungwa kwa hesi mbele ya lenzi ya kamera ya video, ili kamera ione eneo kubwa zaidi bila mpigaji kurudi nyuma. Namba iliyoandikwa juu yake ni kizidisho: lenzi ya milimita 4 ikivishwa adapta ya 0.7 inaona kama ya milimita 2.8. Mwanga haupungui kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachoguswa ni ubora, na huguswa zaidi pembeni kuliko katikati.

Lenzi ya kamera iliundwa ifanye kazi peke yake. Ukiiongezea vioo, miale inayoingia kwa mshazari ndiyo inayokosea njia. Utaona fremu ya mlango ulio ukingoni mwa picha imebinuka kwa nje, matawi yaliyo mbele ya anga jeupe yana mstari wa zambarau, na maandishi ya konani hayasomeki vizuri. Kona zote nne zikiwa nyeusi, huenda umefunga adapta juu ya filta, yaani kile kioo chembamba kinachofungwa mbele ya lenzi. Toa filta kwanza.

Halafu kuna mwako. Kila uso wa kioo usiopakwa utando maalumu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia, na vioo viwili tu vina nyuso nne. Ukielekea jua au taa, mwanga huo unazagaa ndani na weusi wa picha unageuka kijivu. Hapo ndipo adapta ya bei ya chini inapojulikana.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni zumu. Ziko adapta zinazokubali zumu yote, na ziko zinazofanya kazi upande mpana tu: ukivuta karibu, picha inafifia na fokasi ya otomatiki inahangaika mbele na nyuma bila kutulia. Uliza hilo kabla ya kuuliza kizidisho. Binafsi naona 0.7 yenye vioo safi ni bora mara nyingi kuliko 0.45 inayoonyesha mengi kwa ukungu.

Ili kuipima, rekodi ukuta wa vigae kwa upana wote, kisha vuta zumu taratibu hadi mwisho. Itazame picha hiyo kona kwa kona kwenye runinga, maana skrini ndogo ya kamera huficha kasoro hizi. Kona zikiwa hafifu, punguza kidogo tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Mara nyingi hupata nafuu.