Kukiri kwa kipigo hakumalizi kesi
Kwenye baraza za kahawa Mikindani, akitajwa mwizi wa korosho, husikika hivi: akipigwa akakiri, kesi imekwisha. Kuna wakati sheria yenyewe iliwaza hivyo. Tangu karne ya 13, mahakama nyingi za Ulaya Bara zilitaka mashahidi wawili walioona kwa macho, la sivyo mshtakiwa aungame. Mashahidi wakipungua, na dalili zikiwa nzito, hakimu aliruhusiwa kumtesa. Aliyeungama alitakiwa kuyarudia maneno yake baadaye, nje ya chumba cha mateso. Akikana, aliweza kurudishwa kwenye mateso. (Hamsa ishirini za Wajerumani, yaani viboko ishirini na vitano, wanazosimulia wazee wetu ni jambo jingine: zile zilikuwa adhabu, si njia ya kupata ungamo.)

Leo ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kuteswa, na Sheria ya Ushahidi inataka ungamo la hiari. Mshtakiwa akidai alipigwa, ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha hiari hiyo.

Usiniamini mimi tu. Katiba ipo kwa Kiswahili, isome. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Keti benchi la nyuma, usikilize mabishano yanavyozuka karatasi ya maelezo ya mshtakiwa yaliyoandikwa polisi inapotolewa.