Mji wa matabaka: maana ya dhana hii na mfano wa Thessaloniki

Katika historia na akiolojia, mji wa matabaka ni mji uliokaliwa na watu mfululizo huku ukipita mikononi mwa dola moja baada ya nyingine, na athari za kila dola zikabaki ndani ya mitaa ileile inayotumika leo. Sharti la kukaliwa mfululizo ndilo la msingi. Magofu yaliyohamwa na kufunikwa na mchanga hayaingii katika dhana hii, hata yawe ya kale kiasi gani, kwa kuwa hakuna aliyekuja baadaye kuyageuza kwa haja zake.

Thessaloniki, bandari ya kaskazini mwa Ugiriki, inafahamika kwa wasomaji wa Biblia kutokana na nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa Wathesalonike. Mji huo ulianzishwa na Cassander, mtawala wa Makedonia, mnamo mwaka 315 KK hivi, ukapewa jina la mkewe, aliyekuwa dada wa Alexander Mkuu kwa baba. Warumi walipoitwaa Makedonia katika karne ya 2 KK, walijenga barabara ya Via Egnatia, iliyotoka pwani ya Adriatiki kuelekea Byzantium (Istanbul ya leo) kupitia hapo. Tangu wakati huo mji ulikuwa na ghuba iliyokingwa pamoja na njia kuu ya nchi kavu, neema ambazo hakuna mtawala aliyekuwa tayari kuziacha. Ndiyo maana dola zilibadilika lakini mji haukuhama.

Jengo linaloieleza dhana hii vizuri kuliko maelezo yoyote ni Rotunda, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 4 katika enzi ya Kaisari Galerius. Ni jengo la mviringo lenye kuta zenye unene unaozidi mita 6. Baadaye liligeuzwa kanisa, na ndani ya kuba lake zikawekwa mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vya rangi, za watakatifu waliosimama wakisali mbele ya majumba ya dhahabu. Mwaka 1430 Sultani Murad II wa Waosmani, watawala wa Kituruki, aliuteka mji kutoka kwa Wavenisi, watu wa Venisi ya Italia, na mwishoni mwa karne ya 16 Rotunda ikawa msikiti. Jeshi la Ugiriki lilipoingia mwaka 1912, msikiti ukarudishwa kuwa kanisa. Mnara wa adhana ungali umesimama kando yake, ilhali karibu minara mingine yote ya mji ilibomolewa. Kuta ni za Warumi, mozaiki ni za Wakristo wa kale, mnara ni wa Waosmani, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kudai jengo zima ni lake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila enzi huiheshimu iliyotangulia. Matabaka hutokana na uamuzi wa wenye mamlaka kuhusu kipi kibaki, kipi kigeuzwe na kipi kifutwe, na wakati mwingine moto huamua kwa niaba yao, kama ule wa mwaka 1917 ulioteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji.

Tabaka lililofutwa kwa ukatili zaidi ni la Wayahudi. Walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, maelfu yao walipokewa na Waosmani, wakaja Thessaloniki na lugha yao ya Kihispania, wakafuma vitambaa vya sufu vya kuwavisha askari wa Yanisari, kikosi teule cha sultani. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 ndio waliokuwa jamii kubwa kuliko zote mjini, kiasi kwamba bandari ilipumzika siku ya Jumamosi. Mwaka 1943 Wajerumani walisafirisha zaidi ya watu 40,000 kati yao hadi kambi ya Auschwitz, ambako wengi mno waliuawa. Makaburi yao, yaliyokuwa na mamia ya maelfu ya maziara, yalikuwa yamekwisha kuvunjwa tangu Desemba 1942; mawe yake yalitumika kujengea kuta, kutandika njia na hata kukarabati makanisa, na juu ya uwanja huo sasa kimesimama Chuo Kikuu cha Aristotle. Kwa hiyo mwanahistoria anayeusoma mji wa matabaka hukagua pia mawe yaliyo mahali pasipo pake, kwa kuwa mara nyingi hayo ndiyo ushahidi pekee wa tabaka ambalo watawala hawakutaka lionekane.